Mgawo, Si Mgao

Kosa lilikuwa la herufi moja tu, W. Herufi ambayo ukiwa umebana pini midomoni na cherehani inanguruma mbele yako, inapita sikioni kama haijawahi kuzaliwa.

Ilikuwa hivi. Nukta amesimama jikoni anatafuna mkate mkavu, maana siku akiwa na wasiwasi huwa hakai, na shangazi yake yuko sebuleni anapinda suruali ya mteja. Nyumba ni ya wao wawili. Ukisema neno jikoni linafika sebuleni, ila linafika limechoka. Nukta si jina la cheti. Alizaliwa kadogo, mpaka muuguzi akauliza kama huyu ndiye wote au kuna mwingine anakuja, na shangazi akamjibu kwamba nukta nayo ni ndogo, lakini bila yake sentensi haiishi. Halafu mtoto akakua akaenda kusomea hisabati, huko ambako nukta ikisogea kidogo tu kumi inageuka elfu, basi jina likamganda.

"Huo mhadhara wako wa kesho ni wa nini hasa?" shangazi akauliza.

"Migawo, shangazi. Unachukua majawabu mawili ya mlinganyo mmoja, unagawa moja kwa lingine, halafu unaangalia kile ulichopata kinaishije."

"Mgao."

"Mmh," Nukta akajibu, mkate umejaa mdomoni.

Hapo ndipo W ilipofia.

Sasa, huo mhadhara haukuwa mchezo. Chuo kilikuwa kinataka mhadhiri mmoja wa hisabati, wa kudumu. Nukta alikuwa mkufunzi wa mkataba pale, mkataba unaishia mwisho wa mwezi, na hakuna mwingine unaokuja nyuma yake. Waombaji walikuwa wamechujwa wakabaki wawili, na Mkuu wa Idara akaweka sharti ambalo watu walilicheka mpaka walipojua hatanii: kila mmoja asimame kwenye ukumbi wa maktaba ya mtaa, aeleze kazi yake kwa Kiswahili kwa watu wasio wanahisabati, na yeye atakaa nyuma asikilize. Akiridhika, umepata. Asiporidhika, Nukta arudi kufundisha tuisheni kwenye masebule ya watu, pembeni televisheni inaongea.

"Yule mwenzangu alikuja kusikilizwa na mlinzi," Nukta akasema akitoka jikoni. "Mlinzi mwenyewe alikuwa analinda. Nani ataacha shughuli zake aje kusikiliza habari zangu, shangazi? Nitaongea na viti."

 Shangazi alitoa pini midomoni, akazichomeka kwenye mto wake mdogo, akachukua simu, akatoka nje uani kama mtu anayefuata upepo. Kule uani akabonyeza alama ya kipaza sauti kwenye kundi la mtaa, na sauti yake ikaingia kwenye simu za watu wote wa mtaa wa chini, tamu kabisa:

"Majirani zangu, habari za jioni. Kesho saa kumi, ukumbi wa maktaba, mwanangu Nukta atazungumzia mgao. Mkubwa wake wa kazi atakuwepo. Njooni kwa wingi. Njooni na madumu yenu, matupu, wayaone."

Na kama kulikuwa na neno la kuwatoa watu wa mtaa ule vitandani, lilikuwa hilo. Mgao wa maji ulikuwa umewakaa kooni kwa miezi. Mtaa wa juu bomba zinatoa, mtaa wa chini zinakohoa. Wakienda ofisi ya maji wanaambiwa bomba ni moja, mgao ni sawa, labda ninyi mnatumia vibaya.

*

Kesho yake Nukta alipokata kona ya maktaba, kitu cha kwanza kuona kilikuwa madumu. Mstari wa madumu ya njano kutoka mlangoni mpaka barabarani, mengine yamefungwa kamba, mengine yameandikwa majina. Ndani, viti vyote vimejaa. Wengine wamekalia madumu yao. Mkutubi, mama mmoja mpole ambaye huongea kama vitabu vimelala, alikuwa anazunguka akiwaomba watu wasiegemee rafu.

Nukta moyo ukamtanuka. Akawaza, kumbe. Kumbe watu wanapenda hisabati hivi, sisi tu ndio hatujawahi kuwauliza.

Furaha hiyo iliishi mpaka alipofika mbele. Kwenye safu ya kwanza alikaa Kinyozi, jamaa wa kibanda cha pale njia panda, mtu ambaye akikunyoa unatoka na habari za mtaa mzima na kichwa nusu.

"Dada," akasema Kinyozi, "kabla hujaanza. Tuambie moja tu. Zamu yetu inarudi lini?"

"Zamu ya nini?"

"Ya maji. Au mgao wenu hauna maji?"

Watu wakacheka. Nukta akamtafuta shangazi kwa macho, akamkuta pembeni, amevaa gauni lake la harusi za watu, anatabasamu, kisha tabasamu linapungua taratibu kama taa ya betri.

Wakakutana kwenye korido, pale penye magazeti ya zamani.

"Shangazi, nilisema migawo."

"Si ndiyo mgao?"

"Mgawo. Kugawa. Kumi kwa mbili ni tano. Wewe husikilizi, shangazi. Unasikia unachotaka, halafu unakitangaza."

Alisema polepole, lakini neno lilikuwa na makali, na watu wa safu za nyuma walisikia. Shangazi akaitazama sakafu, akanyoosha gauni lake ambalo halikuwa na kunjo.

"Nilitaka wajae," akasema.

Nukta akarudi mbele. Kule nyuma kabisa, Mkuu wa Idara alikuwa amekaa mikono kifuani, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, dumu la mtu liko mapajani mwake kwa sababu aliombwa amshikie. Nukta alijua angeweza kujifanya. Angetaja maji hapa na pale, watu wangetikisa vichwa, ukumbi ungebaki umejaa. Akachukua chaki, akaandika ubaoni MGAWO, na ile W akaipigia mstari.

"Jamani, nisameheni. Mmeitwa kwa neno ambalo si langu. Mimi ni mtu wa mgawo, wa hesabu. Wa mgao wa maji sina habari, na sitaki kuwadanganya. Anayetaka kuondoka aende kwa amani, sitakasirika. Anayebaki, nitajitahidi asijute."

Ukumbi ukanung'unika. Baadhi wakanyanyuka na madumu yao, tom, tom, tom, yanagonga viti njia nzima mpaka nje. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba ameacha maharage motoni kwa ajili ya herufi. Kinyozi akabaki.

"Dumu langu limeshapata kiti," akasema. "Mimi ni nani niliondoe?"

Nusu nzuri ya watu ikabaki naye.

*

Nukta alikuwa na kurasa zake alizoandaa, zimejaa alama. Akazitazama, akawatazama watu, akatazama madumu. Halafu akaangalia juu. Ukumbi ule zamani ulikuwa ghala, paa liko mbali, na boriti za mbao zinapita toka ukuta hadi ukuta. Akazigeuza kurasa kifudifudi mezani.

"Mkutubi, ile ngazi ya rafu za juu ipo?"

Ngazi ikaletwa. Kamba zilikuwepo za kutosha, watu walikuwa wamefungia madumu yao. Wakaunganisha, wakaning'iniza madumu mawili kutoka kwenye boriti moja, kamba urefu sawasawa, kila moja limewekwa jiwe ndani lisiyumbeyumbe. Moja lilikuwa na kifuniko chekundu, jingine cha bluu. Chini yake Nukta akachora mstari mrefu wa chaki sakafuni, unaopita katikati kabisa.

"Hili tuliite Jekundu. Hili Bluu. Nikiyasukuma yanabembea, yanapita mstari, yanarudi. Kila moja peke yake ni pole sana. Mlinganyo wake unasema hivi tu: ukienda mbali na mstari, utavutwa kurudi, na kadiri ulivyo mbali ndivyo unavyovutwa. Basi. Hakuna fujo."

Akasukuma moja, akangoja kidogo, akasukuma la pili. Madumu yakaanza kwenda na kurudi, kila moja na wakati wake, taratibu, kama watu wawili wanaofagia uwanja mmoja.

"Sasa mimi nagawa. Kila wakati nauliza: Jekundu liko mbali na mstari kiasi gani, ukigawa kwa umbali wa Bluu? Jekundu likiwa juu ya mstari, mgawo ni ngapi?"

"Sifuri," akasema mtu.

"Na Bluu likiwa juu ya mstari?"

Halafu Kinyozi: "Hapo unagawa kwa sifuri. Mwalimu wetu alikuwa anatupiga kwa hilo."

"Alikosea kuwapiga, ila alikuwa sahihi. Hapo mgawo hauna jibu. Sasa angalieni ajabu. Madumu yenyewe ni mapole, lakini mgawo wao si mpole hata kidogo. Unapanda, unapanda, unapaa mpaka kusikoonekana, unapotea. Halafu unaibukia chini kabisa, chini ya sifuri, na kuanza kupanda tena."

"Kama ndoa," akasema Kinyozi. "Wapole wawili. Ukiwagawa, moto."

"Wewe umeoa lini ukajua?" sauti ya mwanamke ikamuuliza, na ukumbi ukacheka kwa raha, ile raha ya watu waliokwisha samehe.

Nukta naye akacheka. Alianza kujisikia yuko nyumbani. "Lakini kuna kitu mgawo haufanyi kamwe. Haurudi nyuma. Ukianza kupanda, ni kupanda tu. Ukianza kushuka, ni kushuka tu. Kwa hiyo ukitoka kwenye sifuri, hauwezi kufika kwenye sifuri nyingine kabla haujapitia pale pasipo na jibu. Sifuri, hauna, sifuri, hauna. Yanapokezana. Hakuna linaloruka zamu."

"Na tukiyaachia yote kwa pamoja?" Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi, ndogo, kutoka pembeni. Ni mara ya kwanza kusema tangu korido.

"Basi yanakwenda sambamba, shangazi, mgawo umelala, haubadiliki. Hakuna hadithi. Lakini ukiyaachia vinginevyo, vyovyote vile, yanapokezana. Njooni mjaribu."

Wakaja. Fundi viatu akasukuma kwa kidole kama anayegusa pasi ya moto. Mama mmoja akalipiga dumu kofi. Watu wakaweka macho kwenye mstari wa chaki, na wenyewe wakaanza kuita, sifuri, hauna, sifuri, hauna, mpaka ikawa kama wanapokezana wimbo. Kila aliyesukuma alitoa mgawo wa kwake, lakini zamu haikukosewa hata mara moja.

"Na mgawo una mlinganyo wake wenyewe," Nukta akaendelea, na hapa sauti yake ikashuka, maana ndiyo ilikuwa kazi yake ya miaka. "Si ule mwepesi wa madumu. Ni mgumu, una hasira. Unauliza kasi ya mgawo, halafu kasi ya hiyo kasi, halafu kasi ya kasi ya hiyo kasi. Ukizipanga inavyotakiwa, mambo yote ya nani alisukuma na kwa nguvu gani yanafutika. Kinabaki kitu kimoja tu mkononi."

"Nini?"

"Kamba. Ile sheria inayoyaning'iniza yote mawili. Mgawo haukwambii Jekundu lina nini wala Bluu lina nini. Unakwambia yamefungwa wapi."

Kule nyuma Mkuu wa Idara alikunja miguu upande mwingine, dumu bado mapajani.

*

Kinyozi akanyoosha mkono.

"Haya umeyapanga, dada," akasema. "Umezifunga kamba mwenyewe, urefu unaujua. Geuka ukutani. Sisi tutaifupisha au tutairefusha, wewe usione. Tutaita tu, wewe utaje kamba ni mita ngapi. Ukipatia, nitakunyoa bure."

"Mimi sinyoi."

"Basi ukikosea nitakunyoa."

Nukta akageuka, uso karibu na rafu ya kamusi. Alijua jambo hilo linawezekana kabisa. Kwa kamba ndefu na bembea ndogo, ukipima sekunde kutoka hauna mpaka hauna inayofuata, ukazizidisha zenyewe kwa zenyewe, unapata mita, kwa karibu sana. Akashika simu, saa yake tayari. Nyuma yake ngazi ikalia. Akasikia watu wanahema, wanabana kicheko, mtu anasema "shh". Akadhani wanamcheka yeye, na kichogo chake.

Walipatana hivi: Kinyozi anaita Jekundu, shangazi anaita Bluu. Hakuna mwingine aliyejitolea, na shangazi alikuwa ameshasimama mbele.

"Tayari," akasema Kinyozi.

"Hauna," akasema shangazi.

"Sifuri."

"Hauna."

"Sifuri."

Zikaenda hivyo, nzuri, za taratibu. Nukta akabonyeza, akapima, akazidisha kichwani. Mita tatu na kidogo. Akarudia kwa sifuri mpaka sifuri, tatu na kidogo tena. Akafungua mdomo ataje.

"Sifuri."

"Hauna."

Kimya kidogo, urefu wa bembea moja.

"Hauna," akasema shangazi.

Hapo katikati palitakiwa sifuri. Haikuitwa. Ndipo Kinyozi akaita, "Sifuri," haraka kama mtu aliyechelewa, na baada ya hapo zikaendelea kupokezana kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nukta akabaki na mdomo wazi mbele ya kamusi.

Mtu anayechelewa kuita ni kitu cha kawaida. Mtu anayeita mara mbili kwa woga ni kitu cha kawaida zaidi. Na huyu ndiye shangazi yake, ambaye jana tu alisikia neno moja, akaimeza herufi yake moja, na kulitawanya mtaa mzima. Akawaza, ningetaja tu. Mita tatu na kidogo. Ukumbi ungepiga makofi.

Kutoka nyuma Mkuu wa Idara akasafisha koo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu aingie. "Mwalimu, muda wetu umekwisha. Taja urefu. Labda mama amejichanganya, yanatokea."

Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Alikuwa amemfungulia mlango, na nje ya mlango ile kazi ilikuwa imesimama inamngoja. Alichotakiwa kufanya ni kupita, na kumwacha shangazi pale na kosa la pili ndani ya siku mbili.

"Shangazi," akasema bila kugeuka. "Umeona nini?"

"Nimeona nilichoita."

"Hauna mbili?"

"Mbili. Bluu limepita mstari, limerudi limepita tena. Jekundu bado lilikuwa upande ule ule."

Hakupandisha sauti, hakujitetea. Nukta akalifikiria jicho lile. Sikio la shangazi yake lilikuwa la kuazima, hilo kila mtu alijua. Lakini jicho lile lilikuwa linafuata mshono toka kiunoni mpaka pindo bila chaki. Na zaidi ya jicho, kulikuwa na jambo lenyewe. Kama kamba ni sawa, hauna mbili haziwezi kufuatana. Haiwezekani, hata asukume nani. Basi ama mtu amekosea, ama kamba si sawa, na mtu anasema hajakosea.

"Sina urefu wa kutaja," akasema. "Kamba si sawa. Ya Bluu ni fupi kuliko ya Jekundu. Haya madumu hayafuati mlinganyo mmoja, na huo mgawo mnaoniitia hauna kamba moja ya kunirudisha."

Halafu akasikia Kinyozi anaguna, lile guno la mtu aliyeshikwa mkono mfukoni.

"Geuka, dada."

Akageuka. Madumu bado yalikuwa yanabembea, lakini lile la bluu lilikuwa juu kidogo kuliko lenzake, kama kwa urefu wa mkono. Mtu asiyejua habari angedhani ni kamba imejikunja.

"Tulisema tufupishe," akasema Kinyozi. "Hatukusema ngapi."

"Kwa nini umefanya hivyo?"

Kinyozi akakuna kidevu. Safari hii hakutania. "Kwa sababu sisi tunaambiwa bomba ni moja. Kila siku. Mtu anasimama mbele yako na karatasi, bomba ni moja, tatizo ni ninyi. Nilitaka kujua kama kuna mtu akiambiwa kamba ni moja anaweza kusema hapana."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walianza tu kuongea wao kwa wao, chini chini, na fundi viatu akamuuliza Mkutubi kama kuna kitabu kinachoonyesha bomba za mji zilivyopita. Mkutubi akasema kipo, lakini ni kizito, wakae mezani.

*

Mkuu wa Idara alimngoja mlangoni, pembeni ya magazeti ya zamani, sasa hana dumu.

"Nilikupa njia," akasema.

"Niliiona, Mkuu."

"Ilikuwa rahisi."

"Ilikuwa inapita juu ya shangazi yangu."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, na bila miwani akaonekana mtu wa kawaida tu, babu wa mtu. "Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na macho yangu yote. Nilimwona yule kijana akipanda ngazi na kufupisha moja. Ukumbi mzima ulimwona."

Nukta akamtazama. Kile kicheko cha kubana. Ile "shh".

"Kwa hiyo ulijua mama hajajichanganya."

"Nilijua."

"Na kama ningetaja mita?"

"Ungekuwa umetaja mita," akasema Mkuu wa Idara. "Na ningekushukuru kwa mhadhara mzuri, kwa sababu ulikuwa mzuri. Wiki ijayo njoo idarani uchague vipindi. Usichukue vya asubuhi sana, wanafunzi wanalala." Akavaa miwani, akafunga uzi wake vizuri, akaondoka akiruka mashimo ya barabara kama mtu anayehesabu.

Nukta akabaki amesimama. Alitaka kupiga kelele, lakini maktaba ni maktaba.

Shangazi akatokea akiwa na viatu mkononi, kwa sababu vile viatu vilikuwa vya kukaa, si vya kusimama.

"Amesema nini?"

"Amesema nichague vipindi."

Shangazi akakaa kwenye benchi la mlinzi. Akaweka mkono kifuani, akautoa, akauweka tena. "Haya," akasema. "Haya, mwanangu."

Wakatoka. Jua lilikuwa limelegea, mtaa umejaa watu wanaorudi na madumu matupu, lakini wanaongea. Nukta akambebea viatu.

"Shangazi, nisamehe yale ya korido."

"Yale yalikuwa kweli."

"Hata kweli ina namna yake ya kusemwa." Wakatembea kidogo. "Na wewe ulimwona Kinyozi. Ulisimama pale pale chini ya ngazi. Kwa nini hukuniambia? Ungekohoa tu."

"Nilitaka. Mdomo ulinijaa." Shangazi akakanyaga kwa uangalifu, peku, akikwepa kokoto. "Lakini jana nilikusemea, na umeona nilikokufikisha. Leo nikajiambia, wewe mwanamke, ita unachokiona, kingine kimeze. Yeye ndiye aliyesoma."

"Na kama ningekosea?"

"Ungekosea kwa akili yako. Mimi ningekupikia." Akamwangalia kwa pembe ya jicho. "Ila nikwambie kitu, na usimwambie yule mzee. Zile hauna za mwanzo, kabla ya zile mbili. Wewe ulikuwa unazipima?"

"Ndizo nilizopima."

"Moja nilichelewa. Nilikuwa nabana chafya."

Nukta akasimama katikati ya njia. Mita tatu na kidogo, alizokuwa nazo mdomoni tayari kabisa, hauna zikikubaliana na sifuri, zilikuwa zimekubaliana kwa sababu ya chafya tu. Alianza kucheka, akacheka mpaka ikabidi aviweke viatu chini, na shangazi akasimama kumsubiri, akimwambia apunguze sauti, watu wanapita.